Mtaa wa sanaa katikati ya Moshi: anzeni na mkataba wa fremu, rangi baadaye

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa batiki na mchoraji hapa Moshi. Kikundi chetu kina watu 14: wachoraji, washonaji, wawili wa studio ya muziki na mmoja wa viatu vya ngozi. Diwani anasema manispaa iko tayari kutusaidia tupate mtaa wa sanaa, na tumewekewa njia mbili mezani. Ya kwanza ni kiwanja nje ya mji tujenge kijiji cha wasanii. Ya pili ni mitaa miwili ya katikati, kati ya Mnara wa Saa na stesheni ya reli, ipakwe michoro na kuwekewa geti la kuingilia. Tumepewa miezi miwili tulete andiko. Tuchague ipi, na tuombe nini?"

Marahaba, mwanangu. Kiwanja cha nje kikataeni, kwa heshima na kwa maandishi. Mitaa ya katikati ikubalini, ila geti na michoro msiviweke kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko. Ukurasa wa kwanza uwe wa mikataba ya pango.

Najua hilo halikuwa jibu ulilolitarajia kutoka kwa mtu wa mipango miji. Wengi mnatutegemea tuchore ramani yenye miti na viti vya kupumzikia. Mimi nimeichora ramani kama hiyo, na nitakusimulia ilikofikia.

Nianze na kiwanja cha nje, maana hicho hakihitaji maneno mengi. Kijiji cha wasanii kinachojengwa mahali ambapo hakuna mtu mwingine mwenye shida ya kupita huwa na siku moja tu ya watu wengi, siku ya uzinduzi. Baada ya hapo fundi analipa nauli kwenda kukaa peke yake. Kumbuka michoro ya Tingatinga ilivyoanza kuuzika Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga hakujenga kijiji. Kazi zake ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wenye fedha walikuwa wanakuja kununua mahitaji ya nyumbani. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini ushirika wa wachoraji waliofuata nyayo zake bado uko eneo lilelile. Walikaa kwenye njia ya mnunuzi, wala hawakumtengenezea mnunuzi njia mpya.

Sasa twende mjini. Kabla hamjaandika neno lolote, nendeni mkahesabu. Chagueni siku mbili, Jumanne saa kumi jioni na Jumamosi saa mbili usiku, mtembee mitaa hiyo miwili mlango kwa mlango mkiwa na daftari. Andikeni kila mtu anayetengeneza kitu kwa mikono au kwa ubunifu: fundi cherehani wa kibarazani, mwandika vibao, mchonga mihuri, mpiga picha za pasipoti, anayechapa fulana, msusi, fundi viatu, kijana mwenye kompyuta moja anayetengeneza kadi za harusi, studio iliyojificha ghorofani nyuma ya duka la vipuri. Andikeni pia fremu zilizofungwa na ghorofa zilizogeuzwa stoo za maboksi.

Nakuhakikishia mtashangaa. Moshi ni mji ambao hadi leo mafundi cherehani wanashona vibarazani, chini ya vile vivuli vya mbele ya maduka ya zamani ya Kihindi. Mgeni akipita anapiga picha, lakini mwenyeji amewazoea hadi hawaoni tena. Kwa hiyo mtaa wa sanaa mnaotaka kuuanzisha ulishaanza, na mnachokosa ni uhakika kwamba watu hao watakuwepo mwakani. Na hapa niwaonye ninyi wachoraji, kwa upendo: mkiandika andiko ambalo "msanii" ni mchoraji na mwanamuziki peke yao, mtakuwa mmemfukuza fundi cherehani kwa kalamu yenu wenyewe, naye ndiye anayeleta wateja kila siku. Mtu hanunui mchoro kila wiki, lakini suruali inapunguzwa kiuno hata mara mbili kwa mwezi.

Baada ya kuhesabu watu, hesabuni wenye majengo. Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Majengo ya katikati ya Moshi hayana mwenye mmoja. Mengi yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya Uhuru, duka chini na makazi juu. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majengo, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Ndiyo maana katika miji yetu hii, Moshi na Arusha zote mbili, mlango wa duka kuukuu mara nyingi unamfikisha mpangaji kwa NHC. Majengo mengine ni ya familia, na familia nyingine zina warithi sita walio Dar, London na Toronto wasioelewana. Mengine ni ya vyama vya ushirika. Mkikaribia stesheni mnaingia kwenye ardhi ya Shirika la Reli, ambalo lina maghala na nyumba za tangu enzi za Wajerumani, waliofikisha njia hiyo ya kutoka Tanga hapa Moshi mwaka 1911.

Kila mmoja wa hawa ana mlango wake wa kubisha. NHC ni taasisi: ina fomu, ina meneja wa mkoa, na mkataba wake unasomeka. Shida yake ni nyingine. Shirika lina sera ya ubia inayowakaribisha wawekezaji kujenga upya kwenye viwanja vyake vya katikati ya miji, kwa hiyo jengo lenu zuri la ghorofa moja linaweza kuwa tayari limo kwenye mpango wa kuvunjwa. Ulizeni kwa barua, mjibiwe kwa barua, kabla hamjapaka hata mlango. Na msitegemee sheria ya mambo ya kale iwakinge. Sheria ile ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mji wa Moshi mnaouona ni kijana mno kwa kipimo hicho, labda waziri atangaze jengo fulani kwa jina. Kinachoweza kuliokoa ni wapangaji wanaolipa kwa wakati, na halmashauri inayojua faida ya jengo hilo kubaki.

Mwenye nyumba wa familia ni rahisi kumpata na ni mgumu kumbana. Mazoea yetu unayajua: kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kilemba cha kuingilia fremu kwa yule anayetoka, dalali naye anataka mwezi mmoja wake, na mkataba wa ukurasa mmoja usemao kodi "itabadilika kulingana na hali ya soko". Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoua mitaa ya sanaa. Wasanii wanaingia mahali pachovu kwa sababu pana bei nafuu, wanapachangamsha, wageni wanaanza kuja, mwenye nyumba anaona foleni mlangoni, na mkataba wa mwaka mmoja ukiisha anapandisha kodi maradufu. Fremu ya mchonga vinyago inakuwa ya wakala wa simu.

Haya hayakuanzia kwetu. SoHo kule New York, wachoraji walihamia kwenye viwanda vitupu miaka ya 1960. Jiji likawahalalishia kuishi humo mwaka 1971, na baadaye maduka ya nguo za bei kali yakawasukuma nje. Johannesburg walikuwa na Maboneng, eneo la sanaa lililoanza mwaka 2009 chini ya kampuni moja iliyonunua majengo mengi. Lilisifiwa dunia nzima, na mwaka 2019 majengo yake yakapigwa mnada. Ukiniuliza lipi linatuhusu zaidi, nitasema la pili: mtaa mzima ukining'inia kwenye mfuko wa tajiri mmoja, siku mfuko ukitoboka mnaanguka wote.

Nami nina langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa washauri katika mji mmoja ambao sitautaja. Tulipewa barabara fupi yenye mafundi kama ishirini. Tulichora kuta, tukaweka taa za sola, vyungu vya maua na bango kubwa. Mkuu fulani akakata utepe. Hakuna aliyekuwa amekaa na wenye majengo hata siku moja, mimi nikiwemo, kwa sababu bajeti ilikuwa ya miundombinu na fedha ilitakiwa iishe kabla ya Juni. Miezi minane baadaye nilipita pale kwa bodaboda. Michoro ilikuwa inang'aa. Chini yake kulikuwa na maduka matatu ya vifaa vya simu, baa, na fundi cherehani mmoja aliyeniambia kwamba kodi ya wenzake ilipanda mwezi uleule wa uzinduzi. Hakuniambia kwa hasira, alikuwa anapima suruali ya mtu. Tangu siku ile naanza na mkataba.

Mkataba wenyewe uweje? Ombeni miaka mitano, mkubali mitatu, msishuke hapo. Nyongeza ya kodi iandikwe kwa asilimia na kwa tarehe, isiachwe kwa "hali ya soko". Matengenezo mtakayofanya, bati, nyaya, choo, yakatwe kwenye kodi kwa kiasi kilichokubaliwa na risiti ziambatishwe. Muwe na ruhusa ya kumpangisha mwenzenu sehemu ya fremu, maana fundi batiki na fundi viatu wanaweza kugawana chumba. Kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, pamoja na ushuru wa stempu, iandikwe nani anabeba, kwa sababu mwenye nyumba wa kwetu kwa kawaida humwangushia mpangaji na mpangaji hugundua siku TRA wakipiga hodi. Mkataba mrefu usajiliwe kwa Msajili wa Hati, usiishie kwenye muhuri wa wakili.

Ni nani asaini? Hapo ndipo Moshi ina bahati kuliko miji mingi. Mtu mmojammoja akienda kujadiliana na mwenye jengo, anabanwa. Wakulima wa kahawa wa mlimani waliligundua hilo mapema: chama chao cha kwanza cha wakulima kilianza mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaundwa KNCU, chama kikuu cha ushirika, ili wauze kahawa yao kwa sauti moja. Nanyi undeni ushirika wa mafundi na wasanii, upange jengo zima au ghorofa nzima, kisha uwapangishe wanachama fremu kwa bei mnayoijua. Mna afisa ushirika wa manispaa, na mna Chuo Kikuu cha Ushirika humohumo mjini. Nendeni mkabishe hodi, wanafunzi wao wanatafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Ushirika una maradhi yake, sitakudanganya. Mweka hazina anahitaji kuangaliwa na mikutano inachosha. Lakini mwenye jengo anayeletewa hundi moja kila robo mwaka na chama kilichosajiliwa atawasikiliza tofauti na anavyomsikiliza kijana mmoja mwenye makopo ya rangi.

Kwa hiyo ombi lenu kwa manispaa liwe hili: iwe shahidi na mdhamini wa mazungumzo yenu na wenye majengo, na ipange upya masharti yake mahali inapowezekana. Halmashauri haina mamlaka ya kumpangia mwenye nyumba binafsi kodi, lakini ina mengi ya kumpa. Ikiwa ghorofa ya juu imesajiliwa kuwa makazi na ninyi mnataka karakana, kibali cha kubadili matumizi kinapita kwake kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Vibali vya ukarabati vinapita kwake. Taa za mtaa na uzoaji taka pia. Mwenye jengo atakayesaini miaka mitano na nyongeza yenye kikomo apate kibali chake cha ukarabati haraka. Hilo halihitaji fedha hata senti.

Kuhusu wateja, msijenge hesabu zenu juu ya mpanda mlima. Najua anavutia. Lakini mtazame ratiba yake: analala Moshi usiku mmoja au mbili kabla ya kupanda, anakaa mlimani siku tano hadi nane, anashuka amechoka, analala, anaondoka. Muda wake wa kununua ni alasiri moja, na alasiri hiyo tayari flaikacha watatu, wale wachuuzi wanaofukuzia watalii, wamemganda mlangoni mwa hoteli na picha za kuviringisha. Halafu masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, anapungua sana. Angalieni lile Soko la Wamasai la Fire Road pale Arusha: bidhaa zinafanana kibanda hadi kibanda, na mnunuzi asiye mgeni ni wa kutafuta.

Mteja wenu mkubwa ni wa hapahapa, na ana majira yake. Wagumu, yaani wapagazi, na waongozaji wakishuka mlimani wana malipo na bahashishi mfukoni, na wanatengeneza buti na mabegi. Nani anawashonea? Mbio za Kilimanjaro, mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, hujaza mji kwa siku tatu na watu kutoka Dar na Nairobi. Na Desemba, hilo sina haja ya kukufundisha, Uchagani kote watu wanarudi nyumbani, magari yanabanana hadi mtu anatembea kwa mguu kutoka stendi, na kila anayerudi anataka kuonekana amerudi. Anahitaji nguo ya ubarikio, sare za harusi, picha ya familia ya kutundika sebuleni, zawadi ya bibi. Kikundi chenye mpiga picha, mshonaji na mchoraji chini ya paa moja kinaweza kupata kwa wiki mbili hizo fedha za kulipia kodi ya miezi mingi. Pangeni kalenda ya mtaa wenu kuzunguka Desemba, kisha wageni wa mlima wawe nyongeza.

Usiku ni suala lingine. Katikati ya Moshi misikiti, makanisa na hekalu la Kihindu viko hatua chache kutoka kimoja hadi kingine, na ghorofani kuna familia zimelala. Mkianza na spika kubwa mtafungiwa kabla ya mwezi, na mtakuwa mmestahili, kanuni za kelele zipo na NEMC, wasimamizi wa mazingira, wana vipimo. Kaeni na viongozi wa ibada mapema, muwaonyeshe saa zenu, muziki wa vyombo uishe saa nne. Vibali vya maonyesho kutoka BASATA, Baraza la Sanaa, na leseni ya kupiga kazi za wenzenu hadharani mnavijua, sina la kuongeza isipokuwa mteue mtu mmoja wa kuvifuatilia. Vikifuatiliwa na wote havifuatiliwi na yeyote.

Na fedha? Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Haina riba. Lakini ni mkopo, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni kikundi kuuchukua na kulipia kodi ya mwaka mzima. Kodi haizai. Chukueni mkopo kwa cherehani ya ngozi, sufuria kubwa za kuchemshia nta, mashine ya kuchapa vitambaa. Kodi itoke kwenye mauzo. Ikiwa mauzo hayatoshi kulipa kodi ya robo mwaka, fremu hiyo ni kubwa mno kwenu, tafuteni ndogo.

Kama manispaa inataka kuona kitu kwa macho haraka, na viongozi huwa wanataka, wapeni Jumamosi moja ya mwezi. Kipande kifupi cha barabara kinafungwa kwa magari kuanzia saa nane hadi saa nne usiku, kwa barua ya TARURA, wenye barabara za mijini na vijijini, na polisi wa usalama barabarani, mafundi wanatoa meza nje. Jaribuni mara tatu kabla ya kujenga chochote. Mtajua watu wanasimama wapi, wanakwepa wapi, na nani ananung'unika. Mtajua pia jambo ambalo ramani zetu husahau daima: choo. Mama mwenye watoto wawili hakai zaidi ya saa moja mahali pasipo na choo safi, na akiondoka anaondoka na pochi yake. Moshi inajisifu kwa usafi, na kwa haki, basi tumieni sifa hiyo, ombeni choo kabla ya geti. Na zungumzeni na mgambo mapema ili meza ya fundi isije ikabebwa kwenye gari siku ya kwanza kwa kosa la kuzagaa.

Michoro ya ukutani fanyeni mwishoni, kwenye kuta ambazo wenyewe wamesaini, na aliyechora alipwe. Msikubali kuchora bure "kwa ajili ya kujitangaza". Fundi bomba hatengenezi choo cha manispaa bure ili ajitangaze.

Andiko lenu liwe la kurasa nne. Ya kwanza, matokeo ya hesabu ya siku mbili. Ya pili, jedwali la majengo: nani mwenye nalo, lina fremu ngapi tupu, mkataba wa sasa unaisha lini. Ya tatu, mkataba wa mfano mnaoutaka. Ya nne, Jumamosi tatu za majaribio na bajeti yake. Miezi miwili inatosha ikiwa mtaanza Jumanne hii. Jedwali likiwa tayari nitumie nilipitie, namba za viwanja zinatosha, majina ya wenyewe yaacheni kwenye daftari lenu.